Miguu Myeupe ya Soksi

Dhahabo mwanangu,

Salaam aleikum, mama. Umeenda Wabera kusukwa nywele kwa shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya Maghrib, maana wewe na mabinti zake mkikaa pamoja hamna anayekumbuka saa. Nyumba imetulia. Nimekaa mlangoni penye upepo, karatasi nimeweka juu ya sinia, na jirani amepita akaniuliza kama naandika wosia. Nimemwambia bado niko sana.

Jana nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Ulikuwa umekaa kitandani unakunja sare zako za uuguzi, nikasimama pale mlangoni, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba kola hazijakaa vizuri. Ukacheka, ukazikunja upya. Mimi nikarudi jikoni nikijilaumu. Basi wacha niandike.

Nataka kukuambia habari ya Soksi. Utasema, "Mama, Soksi namjua." Unamjua, ndiyo, wewe ndiye uliyempa jina. Lakini ulikuwa hujaanza hata shule, na umebaki na yale ya kuchekesha, kama siku alipokula kofia ya Bwana Kirimi. Mimi nimebaki na mengine, na hayo ndiyo nataka kesho uende nayo chuoni Kisumu.

Wakati huo mimi nilikuwa mfuaji nguo. Nilifulia walimu, nilifulia wenye maduka, nilifulia kanzu za wazee wa msikiti, na nikisema ukweli nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. Hakukuwa na doa lililonishinda. Damu, mafuta ya gari, chai, matope mekundu ya kwetu hapa, yote nilijua dawa yake. Watu wa Wabera walikuwa wakisema, "Hiyo peleka Kiwanjani kwa Talaso." Nami nikisikia hivyo natembea kama nimevishwa taji.

Baba yako alikuwa akimtunza farasi wa Bwana Kirimi. Kirimi alikuwa mtu wa Meru, mfanyabiashara wa miraa, mtu wa sauti kubwa na roho nyepesi ya kukasirika na kusahau. Alikuwa na shamba nje ya mji, upande wa barabara ya kupanda Meru, na alikuwa amenunua farasi jike kutoka ranchi moja ya huko juu. Sababu ya kumnunua hakuna aliyeijua. Nadhani alikuwa amempenda tu. Alikuwa farasi mwekundu wa kuelekea kahawia, na miguu yote minne myeupe mpaka karibu na magoti, ndiyo maana ulipomwona mara ya kwanza ukasema, "Mama, amevaa soksi!" Jina lake la ranchi lilikuwa refu la Kizungu. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitumia tena.

Baba yako, unamjua, ni Mborana wa kweli, farda, yaani farasi, kwake si mnyama wa kuangalia hivi hivi. Babu yake alikuwa nao huko Merti. Alimtunza Soksi kama mtu aliyerudishiwa kitu.

Kukawa na maonyesho ya kilimo huko Meru, na Kirimi akaandikisha farasi wake kwenye mashindano ya farasi waliotunzwa vizuri. Huko hawakimbii. Wanazungushwa uwanjani, mtu anawaangalia meno, manyoya, kwato, mwendo. Kirimi aliwaambia wenzake wote wa miraa. Alijishonea hata koti.

Shida ilikuwa miguu. Farasi mwenye miguu myeupe, hapa Isiolo, ni kama mtoto wa nguo nyeupe siku ya Idd. Vumbi letu linaingia mpaka ndani ya nywele, na usiku akilala juu ya mkojo wake mwenyewe anaamka na visigino vya njano. Baba yako alikuwa akimwosha kwa sabuni ya kipande na maji, polepole, kila siku. Weupe ulikuwa unarudi, lakini ile njano ya visigino ilikuwa haitoki yote.

Siku moja kabla ya lori kuja, baba yako akapigwa na malaria. Alikuwa chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Akaniambia, "Talaso, nenda ukamwoshe miguu. Sabuni na maji, basi. Nyingine nitafanya mwenyewe asubuhi."

Nikakubeba mgongoni tukaenda. Nikamwosha kama nilivyoambiwa. Kirimi akaja, amevaa lile koti kulijaribu, akainama akaangalia.

"Mama Dhahabo," akasema, "hii farasi bado iko njano hapa chini. Watu wa Meru watasema mimi ni mchafu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi ndiye Talaso wa Kiwanjani, na mtu ameniambia doa limebaki.

Kwenye kikapu changu nilikuwa na ile dawa ya madoa ya chupa, ile inayochoma pua. Niliimwaga kwenye ndoo, maji kidogo tu, nikachukua brashi ya kusugulia sakafu. Na Dhahabo, ilifanya kazi! Njano ilitoka mbele ya macho yangu. Miguu ikawa myeupe kama sukari. Wewe ulikuwa umekaa juu ya debe, ukapiga makofi. Nami nikafanya kile ninachofanya na shati: nikalowesha matambara kwenye ile dawa, nikazungushia miguu yote minne, ili iingie vizuri. Kisha nikaenda kwenye tangi kuchota maji ya kusuuza.

Tangi lilikuwa kavu.

Nikasimama barabarani kumngoja kijana wa mkokoteni wa maji. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa najipanga jinsi nitakavyomwambia baba yako, aone kwamba kazi iliyomsumbua siku nyingi mimi nimeimaliza mchana mmoja. Ni kilio chako kilichonirudisha. Ulikuwa unaita, "Mama, Soksi anacheza! Soksi anacheza!" lakini ulikuwa unalia, kwa hivyo ulijua kuwa si kucheza.

Alikuwa anapiga kwato chini, mguu huu, mguu ule, jasho limemtoka kifuani. Nilipofungua matambara nywele zilikuwa nyeupe kabisa, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu kama imemwagiwa chai ya moto. Nikammwagia maji yetu ya kunywa. Nikakimbilia kwa jirani nikaomba mtungi wao. Kila nilipomgusa alitetemeka kuanzia begani. Nilitamani anipige teke siku hiyo. Hakunipiga. Alinigeuzia kichwa akaniangalia, ndiyo basi.

Baba yako alikuja amejifunga blanketi, anatembea akishika ukuta. Mtu amemwita, sijui nani. Akapiga magoti kwenye tope, akaangalia mguu mmoja mmoja. Nilingoja anifokee. Ningefurahi angenifokea. Akasema tu, "Mahali nywele ni nyeupe, ngozi chini yake ni nyembamba, rangi ya waridi. Ni kama ya mtoto. Sikukuambia. Nilifikiri unajua."

Kirimi alipofika nikamwambia mimi mwenyewe, kabla baba yako hajafungua mdomo. Nilisema, "Ni mimi. Nimetumia dawa ya nguo."

Aliangalia miguu. Kisha akaangalia barabara, kama lori tayari linakuja. "Paka poda," akamwambia baba yako. "Poda ya mtoto. Hakuna mtu ataona. Mkirudi utamtibu."

"Hapandi lori," baba yako akasema.

"Jarso, mimi nimeambia watu."

"Waambie ni mgonjwa."

"Hii farasi ni yako ama ni yangu?"

"Ni yako. Lakini akisimama kwenye lori mpaka Meru na miguu hii, hutakuwa na farasi. Hapandi, Bwana Kirimi."

Alisema hivyo akiwa anatetemeka kwa homa, mkono mmoja umeshika kamba ya Soksi ili yeye mwenyewe asianguke. Nami nilikuwa mke wake miaka mingi, na nakuambia sikuwahi kumjua vizuri kama nilivyomjua pale.

Kirimi akamwambia kama ni hivyo na yeye asikanyage tena hapo. Tukaenda nyumbani. Ulikuwa umelala begani kwangu.

Sitakueleza sana miezi iliyofuata. Baba yako alienda Kipsing kuchunga mbuzi na ndugu yake, huko ambako simu haishiki, na akawa anatuma salamu kwa watu wanaokuja mjini. Mimi niliendelea kufua. Watu walisikia habari. Mwanamke mmoja aliniletea mapazia yake akasema, "Hizi usichome kama farasi," tukacheka wote wawili, na alipoondoka nilikaa chini nikashindwa kuinuka. Hakuwahi kuniuliza mtu kama naumia. Nilionekana mzima.

Halafu siku moja Kirimi akaja Kiwanjani. Hakuwa na sauti kubwa. Alisimama nje, akasema habari, akakataa kiti, akakubali chai, akainywa amesimama. Alikuwa amemtafuta baba yako. Soksi alikuwa amepona, akasema, lakini hakuna mtu anaweza kumgusa kuanzia goti kwenda chini. Mtunzaji mpya alikuwa amepigwa teke akavunjika mbavu, akaacha kazi. Kwato zimerefuka. Kidonda kimoja cha kisigino cha nyuma kimefunguka tena, nzi wamejaa, na daktari wa mifugo hawezi kukaribia.

"Jarso yuko Kipsing," nikamwambia.

"Nitatuma mtu."

"Atachukua siku nyingi. Nitakuja mimi."

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Mama Dhahabo, ni wewe aliyemwogopesha."

"Ndiyo sababu," nikasema. Sikujua maana ya nilichosema. Nilijua tu kwamba silali.

Siku ya kwanza niliingia na ndoo na kitambaa, nikiwa na nia njema moyo mzima. Soksi aliiona ndoo akarudi nyuma mpaka makalio yakagonga ukuta, macho yamemtoka. Nikaongea naye kwa upole. Nikamwita jina. Hakuna. Niliketi pale nikakasirika, ndiyo, nilimkasirikia, nikawaza, nimekuja kukusaidia, mbona hunielewi? Ilinichukua muda kuona kwamba nia yangu iko ndani yangu, haionekani. Kinachoonekana ni ndoo.

Nikaitoa nje. Siku zilizofuata nilikuja mikono mitupu, tukakaa naye mimi na wewe, hatufanyi chochote. Ulikuwa unakula mahamri yako na kumpa vipande. Mimi nilikuwa najiona mjinga, nguo za watu zinaningoja, na mimi nimekaa kwenye banda la farasi kama mtu aliyekuja matanga. Akazoea. Akaja akaniwekea pua begani. Nikaanza kumpapasa shingo, kifua, nikishuka kidogo kidogo.

Na hapo nikakosea tena. Nataka ujue hivyo, kwamba nilikosea mara ya pili baada ya kuwa nimekwisha kujifunza. Aliniruhusu kufika gotini, nikafurahi, nikaona leo namaliza. Nikatoa kitambaa kibichi nilichokuwa nimekificha mfukoni. Lile kovu la pajani mwangu, ambalo ulipokuwa darasa la pili ulikuwa unawaambia rafiki zako mama yangu aliumwa na simba, ndiyo siku hiyo.

Nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi kavu, nimeshika paja, nalia kwa maumivu na kwa hasira, na wewe ukaja ukachuchumaa mbele yangu. Ukaniuliza, "Mama, ulimwambia pole?"

"Amenipiga yeye, Dhahabo!"

"Lakini ile ya dawa. Ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia Kirimi ni mimi. Nilimwomba baba yako msamaha, nilimwomba Mungu katika kila swala. Lakini yule aliyeungua sikuwa nimemwambia kitu, kwa sababu ni mnyama, na kwa sababu niliona aibu. Nikasimama kwa mguu mmoja. Nikamwambia kwa Kiborana, maana pole ya Kiswahili niliiona ndogo. Nikamweleza yote: kiburi changu, tangi lililokauka, jinsi nilivyokuwa nimesimama barabarani nikijisifu naye anaungua. Sijui alielewa nini. Masikio aliyageuzia kwangu. Lakini mimi nilijisikia nikipunguza kitu, na nadhani mikono yangu ilibadilika kuanzia hapo. Haikuwa tena na haraka ya kusamehewa.

Tulianza upya. Kuanzia shingoni. Baba yako aliporudi kutoka Kipsing, mweusi kwa jua, amekonda, alitukuta bandani: Soksi amesimama, mguu wake wa nyuma uko juu ya magoti yangu, wewe umeshika kopo la maji ya vuguvugu. Alisimama mlangoni muda mrefu. Sikumwona. Wewe ndiye uliyesema, "Baba, usiingie na fimbo." Akaiweka nje.

Mwaka uliofuata Kirimi akauliza, kwa sauti ndogo, kama tunaweza kujaribu tena maonyesho. Baba yako akaniangalia mimi.

Unataka kujua jinsi ya kusafisha miguu myeupe ya farasi? Hakuna siri. Unaanza mapema, wiki nzima kabla, si siku ya mwisho. Nyasi kavu safi za kulalia, ili asichafuke upya. Maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto, vidole vyako mwenyewe badala ya brashi. Unasuuza mpaka unachoka, halafu unasuuza tena. Maji ya mwisho unatia bluu ya nguo kidogo sana, rangi ya anga ya asubuhi, hiyo inaua njano bila kuunguza. Unakausha na leso iliyochakaa, kwa kugusa, bila kusugua, mpaka nyuma ya kisigino, maana unyevu ukibaki hapo ngozi inapasuka. Unafunga vitambaa safi usiku. Asubuhi unafungua, unapaka unga mweupe laini wa mahindi, unaupangusa. Na kabla ya yote hayo, unangoja akupe mguu.

Ile asubuhi kule Meru baba yako alifungua vitambaa. Miguu ilikuwa inang'aa. Isipokuwa kisigino cha nyuma cha kushoto. Pale palikuwa na mahali, upana wa kiganja chako cha wakati ule, ambapo nywele hazikuota tena. Ngozi tupu ya waridi. Kirimi alikuwa na poda mkononi. Akapaangalia, akaniangalia, akairudisha poda mfukoni mwa lile koti.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja mtu mzima, mfupi, wa maneno machache. Alizunguka, akafika nyuma, akainama. "Hapa ilikuwa nini?"

Nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na watu wengine, wewe uko juu ya mabega yangu.

"Aliumia," Kirimi akasema. "Akatibiwa na watu wangu."

Yule mama akapitisha mkono kutoka nyonga mpaka chini, polepole, mpaka juu ya lile kovu. Soksi akainua mguu mwenyewe akampa.

Hatukushinda. Alishinda farasi mweusi kutoka mashamba ya Timau, na ilikuwa haki yake. Lakini jioni tukipakia lori Kirimi alinijia, akakohoa, akasema, "Mama Dhahabo, zile nguo za watu unafua, zinaweza kungoja? Nataka wewe na Jarso mkuwe kule kwangu shambani, kila mtu na mshahara yake." Hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha, mama. Unaijua. Ila hukujua ilianzia wapi.

Sasa unaenda kugusa watu wenye maumivu. Wengine watavuta mkono wao kabla hujawagusa. Watakutukana, na utakuwa umechoka, umetoka zamu, na una nia njema moyo mzima. Mimi sijui uuguzi. Ninachojua ni kwamba mara nyingi hawatakuwa wanakuogopa wewe. Wanaogopa aliyetangulia, na wewe umeingia na ndoo ileile.

Na siku utakayokuwa wewe ndiye aliyeumiza, maana itafika, hata kwa mikono mizuri kama yako, usikae na aibu peke yako huko hosteli. Mwambie uliyemuumiza. Kisha nipigie. Usinipigie tu siku umefaulu mtihani. Nipigie siku umeharibu, hata kama huna la kusema, tutakaa hewani tu mpaka salio liishe.

Nimesikia adhana inaanza, na sauti yenu kwenye kona, mnacheka. Nitaikunja hii na kuiweka chini ya sare zako, utaikuta Kisumu.

Asubuhi sitasema neno hata moja katika haya. Unanijua. Nitakuuliza kama umebeba kitambulisho. Nitakuuliza mara tatu kama umekunywa chai. Nitavuta kola yako nikisema haijakaa vizuri, na itakuwa imekaa vizuri kabisa. Wewe simama tu, mwanangu, uniache niivute.

Nagaan deemi. Nenda kwa amani.

Mama yako,
Talaso